Kumsomesha msichana hadi amalize: mwongozo kwa vikundi vya wachangiaji

Kikundi kinapoamua kusomesha wasichana wa familia zisizojiweza, swali la kwanza huwa ni ada. Lakini ada ni sehemu moja tu ya mambo yanayomtoa msichana shuleni. Inaweza kufutwa kabisa na bado akaacha masomo kwa kukosa viatu, nauli au pesa ya mtihani, au kwa sababu mama ameugua na hakuna wa kuangalia wadogo zake. Mwongozo huu ni wa vikundi vidogo: wahitimu wa shule fulani, wafanyakazi wa ofisi moja, waumini, ukoo, majirani. Msimamo wetu ni huu: afadhali kumgharamia msichana mmoja mpaka amalize kuliko kuwagawia watano kidogo kidogo, wote wakaishia njiani.

Gharama nzima ya mwaka mmoja

Chukueni mwaka wa masomo, muhula kwa muhula, mwandike kila kitu ambacho familia hutoa. Msiishie ofisi ya shule, maana ofisi itawapa orodha rasmi. Zungumzeni na wazazi watatu au wanne wenye watoto katika darasa hilo hilo. Wao ndio watakaowatajia mchango wa mlinzi, karatasi za majaribio, masomo ya ziada ya jioni, na ile pesa ndogo inayodaiwa kila Ijumaa. Mara nyingi vitu hivyo vidogo, vikijumlishwa, huizidi ada.

Sare ihesabiwe kamili: sketi mbili, blauzi mbili, sweta moja, viatu jozi moja na soksi jozi tatu. Sketi ikiwa moja, hufuliwa usiku, na mvua ikinyesha msichana hubaki nyumbani. Mwambieni fundi aache pindo la sentimita nane hadi kumi na akiba ya kitambaa kwenye mishono ya ubavuni, kwa sababu katika umri huo mwili hubadilika haraka, na sketi inayombana humfanya aone haya kusimama mbele ya darasa. Msidharau sare. Magharibi mwa Kenya, utafiti uliohusisha shule za msingi 328 ulionyesha kuwa kuwapa wanafunzi sare mbili za bure katika miaka mitatu ya mwisho ya shule ya msingi kulipunguza idadi ya wasichana walioacha shule, na pia kulipunguza mimba na ndoa za mapema.

Hedhi huja takriban mara 13 kwa mwaka. Kwa siku tano na pedi nne kwa siku, mnahitaji pedi 20 kila hedhi, yaani 260 kwa mwaka. Taulo za kufua huwa nafuu baada ya miezi michache, lakini zinadai maji, sabuni na mahali pa faragha penye jua pa kuzianika. Akilazimika kuzivaa hazijakauka, zinaweza kumletea muwasho na maambukizi. Muulizeni yeye mwenyewe, kupitia mwanamke anayemwamini, kipi kinamfaa. Wala msitegemee kwamba pedi peke yake zitamrudisha darasani: utafiti mmoja nchini Nepal uliowagawia wasichana vikombe vya hedhi ulikuta kwamba walivipenda na kuvitumia, ila mahudhurio yao karibu hayakubadilika. Pedi ni haki yake na zinamwondolea fedheha, na kwa sababu hizo ziwemo kwenye bajeti. Tatizo la utoro litafutiwe chanzo chake.

Nauli ni ya kwenda na kurudi kwa kila siku ya masomo iliyo kwenye kalenda ya shule. Pale ambapo umbali ndio kikwazo kikuu, baiskeli huweza kushinda nauli. Jimbo la Bihar nchini India lilianza mwaka 2006 kuwapa pesa za kununua baiskeli wasichana wanaoingia darasa la tisa, na uandikishaji wa wasichana katika darasa hilo ukapanda kwa takriban theluthi. Mkinunua baiskeli, nunueni pia pampu, viraka, gundi na kufuli, na mkubaliane kwa maandishi kwamba ni mali ya msichana. Bila hivyo, kabla ya muhula kwisha itakuwa imeshageuzwa ya kubebea mizigo ya nyumbani.

Gharama ambayo haimo kwenye orodha yoyote ni kazi zake. Msichana anayechota maji, kupika na kulea anaitunza kaya nzima, na akienda shule kuna pengo linalobaki. Tafuteni pengo hilo ni lipi hasa. Wakati mwingine kumlipia mdogo wake chekechea, au kununua madumu mawili zaidi na kumlipa mchota maji kwa wiki za mitihani, ndiko kunakomweka dada darasani. Ni pesa ndogo ambayo wafadhili wengi hawaifikirii kwa sababu haifanani na elimu.

Mnaweza kubeba wangapi?

Hapa ndipo vikundi vingi huteleza, na huteleza kwa moyo mzuri. Tuseme mwaka mmoja wa msichana mmoja unagharimu sehemu 100 (sehemu moja ni kiasi chochote cha pesa mtakachokipanga) na amebakiza miaka minne. Bei zikipanda kwa asilimia 10 kila mwaka, atahitaji 100, kisha 110, 121 na 133. Jumla ni 464, si 400. Ongezeni asilimia 10 ya dharura, yaani ugonjwa, msiba, shule kuhamishwa au miwani, inafika 510.

Sasa tazameni mapato. Wanachama 40 wakiahidi kutoa kila mmoja sehemu moja kila mwezi, karatasi inasema 480 kwa mwaka. Pangeni kana kwamba watatoa 30 tu, yaani 360. Mwaka wa kwanza pesa hiyo inatosha wasichana watatu, kwani wote pamoja na dharura ni 330, na kikao kizima kitashangilia. Mwaka wa nne kila mmoja atahitaji karibu 146, na 360 itabeba wawili tu. Hata mkiwa mmeweka akiba kila ziada, miaka minne italeta 1,440 wakati wasichana watatu wanahitaji zaidi ya 1,530. Anzeni na wawili. Wa tatu aingie pale akaunti itakapokuwa na pesa ya mwaka mzima ujao ya wale wawili, na bado ikabaki. Kumwacha msichana katikati ni kumwumiza kuliko kutomchukua, kwa sababu familia imeshapanga maisha kwa kuwategemea ninyi, na huenda imeshakataa msaada mwingine.

Tengeni pia asilimia tano hadi kumi ya mapato kwa ufuatiliaji: nauli za wanaotembelea shule, muda wa maongezi, karatasi, gharama za benki. Kikundi kinachojisifu kwamba kila senti inamfikia mtoto kwa kawaida hakina mtu wa kwenda kuona kama mtoto bado yuko shuleni.

Nani achaguliwe

Mkichagua waliofaulu zaidi, mtachukua wengi ambao wangebaki shuleni hata bila ninyi. Mkichagua anayeliliwa zaidi kwenye kikao, mtachukua mwenye jamaa anayejua kuzungumza. Ombeni daftari la mahudhurio la mihula miwili iliyopita. Msichana aliyekosa zaidi ya asilimia 10 ya siku za masomo tayari yuko ukingoni. Ongezeni juu yake mambo haya: yumo katika darasa la mwisho la ngazi moja anayetakiwa kuingia ngazi nyingine, amefiwa na mlezi ndani ya mwaka huo, ana umri mkubwa kuliko wenzake, anatembea zaidi ya saa moja kwenda shule, dada yake mkubwa aliacha shule. Mwenye matatu kati ya haya atembelewe nyumbani.

Ziara ya nyumbani ifanywe na watu wawili, angalau mmoja awe mwanamke, na wasivae fulana za kikundi wala kupiga picha. Waulize chakula cha jana kilikuwa nini, nani analipa nini kwa sasa, nani anaamua juu ya masomo, na kama kuna posa au mazungumzo ya ndoa. Swali hili la mwisho liulizwe kwa upole na kwa njia ya kuzunguka, lakini liulizwe. Mwanakamati mwenye undugu na familia inayojadiliwa atoke nje ya kikao, na muhtasari uandike kwamba alitoka.

Jina mnaloupa ufadhili lina uzito. Nchini Kambodia, wanafunzi wa shule za msingi walipewa msaada wa kiasi kile kile, baadhi wakiambiwa wameupata kwa umaskini na wengine kwa ufaulu. Mahudhurio yalipanda kwa wote, ila matokeo ya mitihani yalipanda kwa wale tu walioambiwa ni kwa ufaulu. Kwa hiyo chagueni kwa kuangalia hatari ya kuacha shule, lakini barua yake iseme “ufadhili wa masomo”, na asiitwe mbele ya gwaride kama mtoto wa kusaidiwa.

Masharti: mangapi, na makali kiasi gani

Bangladeshi ilipoeneza posho ya wasichana wa sekondari kote vijijini mwaka 1994, iliweka masharti matatu: kuhudhuria asilimia 75 ya siku, kupata angalau asilimia 45 ya alama, na kutoolewa. Posho iliingia katika akaunti ya benki yenye jina la msichana mwenyewe, na uandikishaji wa wasichana uliongezeka sana. Katika wilaya ya Zomba nchini Malawi, mwaka 2008 na 2009, watafiti walilinganisha makundi mawili. Waliopewa pesa kwa sharti la kuhudhuria asilimia 80 walibaki shuleni zaidi na wakafanya vizuri zaidi katika mitihani. Waliopewa bila sharti walipata mimba na kuolewa kwa kiwango kidogo zaidi, na tofauti hiyo ilitoka hasa kwa wasichana walioacha shule. Kwa wenzao wa kundi la sharti, kuacha shule kulimaanisha pesa kukatika wakati ule ule walipokuwa dhaifu zaidi.

Sisi tunachukua hivi: wekeni sharti la mahudhurio la asilimia 80, na lisiwe la kukata pesa papo hapo. Likivunjwa, linaanzisha ziara. Sehemu ya matumizi yake binafsi, yaani pedi, sabuni na chakula, iendelee angalau muhula mmoja wakati mnatafuta njia ya kumrudisha. Sharti la alama msiliweke kwa msichana aliyetoka katika mwaka wa utoro. Atashindwa, nanyi mtakuwa mmemwadhibu kwa umaskini ule ule mliokuja kumtoa.

Andikeni makubaliano ya ukurasa mmoja kwa lugha ya nyumbani kwake: mnalipa nini, lini, mpaka darasa gani, na ni jambo gani pekee linaloweza kusitisha. Wasaini msichana, mlezi, shule na kikundi. Msiweke kifungu cha kurudisha pesa. Mlezi naye awe na sehemu yake, hata ikiwa ni daftari au mafuta ya taa tu. Kaya isiyochangia chochote hujitoa polepole katika suala zima la shule.

Siku ya malipo na njia ya pesa

Pesa iliyochelewa wiki mbili ni wiki mbili za msichana aliyerudishwa nyumbani kufuata ada, na akisharudishwa mara ya tatu huanza kuona haya kurudi. Tengenezeni kalenda kwa kuhesabu kutoka siku ya kufungua shule kurudi nyuma. Siku 60 kabla, wanachama wamemaliza kuchangia. Siku 30 kabla, kamati imeidhinisha na fundi ameanza kushona. Siku 14 kabla, ada imefika shuleni. Siku saba kabla, msichana ameshajaribu sare na viatu. Tarehe ya mwisho ya kujiandikisha kwa mtihani wa taifa iandikwe kwa kalamu nyekundu peke yake, kwa kuwa huwa haiangukii mwanzo wa muhula, na ikipita mwaka mzima umepotea.

Mjini Bogotá nchini Kolombia, mwaka 2005, mradi mmoja ulijaribu kubakiza theluthi moja ya posho na kuitoa wakati wa kujiandikisha mwaka mpya. Mahudhurio ya mwaka hayakupungua, na waliojiandikisha tena waliongezeka. Funzo ni la kutumia moja kwa moja: likizo ndefu ndiyo mpito wa hatari. Msitumie pesa yote katika mihula. Bakizeni fungu linalotoka wiki mbili kabla ya mwaka kuanza.

Gawanyeni njia. Ada na pesa ya mtihani ziende kwenye akaunti ya shule, malipo yakiwa na jina na namba ya usajili ya msichana, na risiti yenye mhuri irudi ndani ya siku saba. Sare na viatu lipeni muuzaji. Nauli na matumizi binafsi yatumwe kwa simu, kila mwezi, kwa mlezi au kwa msichana mwenyewe kulingana na mlivyoona nyumbani. Ikitumwa ya muhula mzima kwa mkupuo, itamezwa na deni la kwanza litakalobisha hodi. Ndani ya kikundi, anayeidhinisha asiwe anayelipa, na anayehakiki risiti asiwe mmoja wao. Akaunti iwe na wenye saini watatu, wawili wakitosha.

Mambo ya kuangalia kwa jicho kali: risiti zinazofuatana namba ilhali ni za miezi tofauti, mchango mpya unaozuka shuleni baada ya kujulikana kwamba kuna mfadhili, jina lililomo kwenye orodha na halimo kwenye daftari la darasa. Dawa ya hili la mwisho ni kumwona msichana kwa macho kila muhula, darasani, bila kutangaza siku.

Pesa na mamlaka juu ya mwili wake

Yeyote anayeweza kumkatia msichana ada ana nguvu juu yake, na nguvu hiyo imetumiwa vibaya na wafadhili, walimu na wanakamati. Kwa sababu hiyo, mfadhili hapewi namba ya simu ya msichana, anuani yake wala picha yake. Barua zipitie kwa kamati na zisomwe. Hakuna zawadi ya mtu binafsi, hakuna lifti, hakuna kumtembelea peke yake, hata kama mtembeleaji ni mwenyekiti. Kila mwanachama asaini kanuni hizi kabla ya kutoa mchango wa kwanza, na anayeona zinamdhalilisha arudishiwe pesa yake.

Msichana apewe watu wawili wa kuwaeleza jambo likimpata: mmoja ndani ya shule, mmoja nje, na wa nje asiwe mwanachama wa kikundi. Aambiwe mapema, mbele ya mlezi, kwamba kulalamika hakutamkatia ufadhili. Kukiwa na dalili ya kudhulumiwa kingono, kamati isifanye uchunguzi wake wala usuluhishi wa kifamilia. Suala liende kwa ustawi wa jamii na polisi, na msichana apelekwe hospitali ndani ya saa 72, muda ambao dawa za kuzuia VVU bado zinaweza kufanya kazi.

Akianza kupotea

Mwombeni mwalimu wa darasa awapigie akikosa siku tatu mfululizo. Mkifikia siku tano ndani ya mwezi mmoja, watu wawili waende nyumbani ndani ya siku mbili. Waende na swali, wasiende na karipio. Majibu huwa machache na karibu yote yana tiba: kuna mgonjwa nyumbani, viatu vimekatika, amechapwa au anatukanwa, kuna mtu anamsumbua njiani, hakuna chakula, kuna posa. Fungu la dharura ni kwa ajili ya siku hii hasa, na watu wawili waliotumwa wawe na idhini ya kutumia kiasi kilichowekwa bila kusubiri kikao.

Akipata mimba, msimwondoe kwenye orodha. Kenya ina sera ya kuwarudisha shuleni wasichana waliojifungua tangu mwaka 1994, na Tanzania ilifungua mlango huo Novemba 2021. Kwingine ulizeni ofisi ya elimu utaratibu unasemaje. Wekeni nafasi yake wazi, mpeni vitabu asome nyumbani, na bajeti ya mwaka wa kurudi iwe na mstari mpya wa kumlipa mlezi wa mtoto saa za masomo. Bila mstari huo hatarudi, au atarudi mwezi mmoja tu.

Mwaka wa mwisho

Baada ya mtihani wa mwisho kuna miezi ya kusubiri matokeo, na ufadhili mwingi huishia siku ya mtihani. Ndiyo miezi ambayo wasichana huozwa au hupelekwa kazi za ndani mbali. Endeleeni na matumizi madogo ya kila mwezi mpaka matokeo yatoke, na mtafutieni shughuli ya kumshika: kozi fupi ya kompyuta au ushonaji, au kusaidia madarasa ya chini akilipwa posho.

Kabla hajaondoka shuleni, hakikisheni hana deni la kitabu cha maktaba, dawati au mchango uliosahaulika, kwa sababu shule nyingi huzuia cheti mpaka deni liishe. Cheti kikitoka, kitoleeni nakala tatu na mzipeleke zithibitishwe. Yeye abaki na halisi na nakala mbili. Ya tatu iingie kwenye faili lake pamoja na risiti zote, kisha fungu lake lianze kuhesabiwa kwa msichana anayefuata.